Mtoto ameanza kutembea, tuko gorofa ya nne, nianzie wapi kukagua nyumba?

mama_gorofa_ya_nne

Habari zenu wapendwa. Hii nimeandika nikifuta nikiandika tena ju bado natetemeka nikikumbuka. Tumehamia fleti huku Umoja mwezi jana, gorofa ya nne, chumba kimoja na sebule, ni mimi na mzee wangu (bwanangu) na mtoto wetu wa miezi 11, halafu wiki mbili zijazo mama mkwe anakuja kutoka ushago, kijijini, akae na sisi ju ana kliniki ya macho hapa Nairobi. Sasa Jumamosi jioni nilikuwa nasonga ugali, meko (ule mtungi mdogo wa gesi wa kupikia juu yake) iko chini kwa kona ya jikoni, simu ikalia sebuleni nikaacha mwiko umesimama ndani ya sufuria nikaenda kuishika. Hata dakika haikuisha. Kurudi hivi nakuta kijana amesimama mbele ya meko, mkono wa kulia umeshika mwiko, anajivuta nao asianguke, na sufuria imeinuka upande mmoja imebaki kidogo imwagikie kifua chake. Ijumaa huyu mtoto alikuwa bado anatembea kwa kushika meza! Nilimnyakua na mkono mmoja nikazima na ule mwingine nikakaa sakafuni nikalia.

Hakuungua, Mungu ni mkubwa. Lakini tangu siku hiyo kila nikiangalia hii nyumba naona hatari na sijui nianzie wapi. Kuna balkoni nje ya sebule, kuna soketi chini chini kila mahali, kuna ndoo na madramu ya maji ju hapa maji huja siku mbili kwa wiki, kuna shawa ya umeme ambayo ukishika mfereji ukioga unahisi kama kitu kinakutekenya vidole. Kwa sasa niko na kama elfu tatu hivi. Mwenye uzoefu aniambie yeye angeanza na nini na nini inaweza ngoja mwisho wa mwezi.

fundi_wa_stima_eastlands

Pole sana dada. Nimesoma yote lakini nimekwama hapo kwa shawa. Zima leo, si kesho, nenda kwa boksi ya breka ushushe ile ya shawa na uweke selotepu juu mtu asiiwashe, na muogee maji ya ndoo mpaka ifunguliwe iangaliwe. Hiyo kutekenya vidole si kitu kidogo, ni stima inavuja inaingia kwa maji. Ndani ya hizi shawa kuna koili inapasha maji moja kwa moja, ikianza kupasuka au ikila chumvi stima inapata njia ya kutoka, na kama waya wa ethi uko sawa itarudi ardhini bila kukugusa. Kama hakuna ethi, njia ni wewe, ukiwa umelowa na umesimama kwa simiti. Leo inakutekenya, siku koili ikiachilia kabisa hautapata nafasi ya kuruka.

Mimi nimefungua shawa nyingi sana huku Eastlands na kitu naona mara kwa mara ni ule waya wa ethi, wa kijani na manjano, umekatwa ukakunjwa ndani ya ukuta, ama haukuvutwa kabisa ju fundi alitaka kuokoa pesa. Kingine ni unene wa waya. Shawa ya wati 5,500 kwa stima yetu ya volti 240 inakula karibu ampia 23. Soketi ya kawaida plagi yake ni ampia 13, sasa mtu akivuta shawa kutoka kwa laini ya soketi na waya nyembamba huo waya unapikwa ndani ya ukuta polepole na wewe huoni. Shawa inataka laini yake peke yake kutoka kwa boksi, waya wa milimita 6 za mraba, breka yake, na swichi yake nje ya bafu. Ukiweza mwambie mwenye nyumba aweke na ile breka inayokata stima ikivuja hata miliampia 30, ile iko na kakitufe kadogo kameandikwa T, ukikabonyeza mara moja kwa mwezi na isipokata ujue imekufa. Hii si pesa yako dada, ni kazi ya mwenye nyumba, mwandikie meseji ibaki ushahidi na uitishe fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati, mwambie akuonyeshe hiyo leseni na asiudhike.

Soketi zenyewe msiogope sana. Hizi zetu za matundu matatu zikiwa nzima ziko na vifuniko ndani, yale matundu mawili ya chini hayafunguki mpaka ile pini ndefu ya juu iingie. Shida ni sisi. Mtu akitaka kuchaji na chaja ya pini mbili anachukua biro anasukuma tundu la juu ndio ifunguke, mtoto amekaa pale anaangalia, na kesho yeye pia atatafuta biro au msumari. Nunua adapta, ni bei ya soda mbili. Zile chaja za pini mbili zilizochomekwa bila adapta toa zote. Pasi, birika la stima na hita usiweke kwa ekstensheni moja, na kila jioni gusa plagi na nyuma ya mkono, ikiwa moto ama imegeuka rangi ya kahawia hiyo soketi imeanza kuungua.

mama_pacha_donholm

Mamangu nakuonea huruma kutoka moyoni ju mimi sikubahatika kama wewe.

Pacha wangu walikuwa na mwaka na miezi mitatu. Niliweka kikombe cha chai ya maziwa mezani, na ile meza nilikuwa nimeitandika kitambaa kizuri cha kushona na mikono kinaning'inia mpaka chini. Msichana akashika kile kitambaa ainuke. Chai yote kifuani na shingoni. Nikapiga nduru, jirani akaja mbio na dawa ya meno akampaka kila mahali ju hiyo ndio sote tulikuwa tunajua, tukapanda pikipiki. Hospitalini ilibidi waoshe ile dawa ya meno kwanza ndio waone ngozi, wanasugua mahali ngozi imeshatoka, na mimi nimemshika miguu. Ni miaka sita imepita na bado nasikia ile sauti. Yule jirani simlaumu, alikuja kwa upendo, lakini kama kuna mtu anasoma hii na hajui, JUENI, dawa ya meno hapana, yai hapana, mafuta ya kupika hapana, unga hapana.

Sasa kuhusu kuanzia wapi, fanya vile nilifanya baadaye. Mtoto akilala, piga magoti, tambaa nyumba nzima kama yeye, kutoka mlangoni mpaka mwisho. Kila kitu mkono wako unafikia ukiwa umepiga magoti ni chake. Utaona vitu hujawahi kuona ukiwa umesimama. Mimi niliona waya ya birika la stima ikining'inia kutoka kwa kabati, nikaona nilikuwa nimeficha dawa ya panya nyuma ya friji mahali mkono wa mtoto unaingia na wangu hauingii vizuri, nikaona tembe ya presha ya mama iko chini ya kiti, ndogo, ya waridi, kama peremende kabisa. Nikainua macho nikaona TV iko ukingoni mwa stendi. Sasa TV imefungwa ukutani, na kabati ya nguo fundi wa mbao aliishika ukutani na vyuma viwili vya kona ju watoto hufungua droo wakazipanda kama ngazi.

Na vitambaa vya meza nilitoa vyote. Najua ni urembo wa nyumba zetu, nina shemeji alinuna ju yeye ndiye alinishonea. Vitarudi watoto wakikua.

nesi_zamu_ya_usiku

Mama pacha pole na asante kwa kusema hiyo ya dawa ya meno, tunaiosha kwa watoto kila wiki.

Akiungua: maji baridi ya kutiririka, dakika 20 kamili, angalia saa ju dakika 20 ni ndefu kuliko unavyofikiria mtoto akilia. Mfereji ukiwa mkavu chukua ndoo na jagi uwe unamwaga polepole. Barafu usiweke. Toa nguo na bangili mapema kabla mahali hapajavimba, lakini nguo iliyoshikana na ngozi iwache hivyo hivyo. Ukimaliza funika na nailoni safi ya kufungia chakula ama leso safi iliyopigwa pasi, uende. Uso, mikono, sehemu za siri, ama kidonda kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, hiyo usikae nayo nyumbani hata kama amenyamaza. Akinyamaza wakati mwingine ndio mbaya zaidi.

Kwa hivyo kwa nyumba yenye maji ya mgao kuwe na ndoo moja ya maji safi haiguswi, ya dharura tu. LAKINI na mfuniko unaokaza. Mama, zile ndoo na madramu zako ndizo zinanitia hofu kuliko balkoni. Mtoto wa umri huo kichwa ni kizito sana ukilinganisha na mwili wake, akiinama achungulie anaingia kichwa kwanza na hana nguvu ya kujiinua, na hapigi kelele. Maji ya urefu wa kidole yanatosha. Beseni ya nguo ulizoloweka usiku pia ni maji. Mlango wa bafu uwekewe komeo juu, kwa nje.

Mafuta ya taa kama mko nayo nyumbani isikae kwa chupa ya soda hata siku moja. Mtoto anajua chupa ya soda ni soda. Akinywa msimtapishe, msimpe maziwa, sijui kwa nini hii ya maziwa haiishi. Mafuta yakirudi juu yanaingia kwa mapafu na hapo ndipo shida kubwa inaanzia. Mbebe mwende na mbebe hiyo chupa. Hivyo hivyo kwa dawa ya kunguni na ya panya tunazouziwa steji kwa vikaratasi bila jina, yaani mzazi anafika usiku na sisi hatujui tunatibu nini. Na betri zile ndogo za duara za rimoti na vinyago, akimeza moja hiyo ni kukimbia saa hiyo hiyo, inachoma koo ndani ya saa mbili.

Nyingine ya msimu huu wa baridi. Jiko la makaa likishakolea na moshi kuisha watu wanaingiza ndani chumba kipate joto walale. Ule moshi kuisha haimaanishi sumu imeisha, hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, usingizi unakuvuta na hauamki. Kila Julai.

kijana_wa_ploti

Mimi niulize tu, grili ya mlango wenu mnafunga kufuli usiku na funguo mnaweka wapi?

Naulizia hivi ju tulipokuwa tunakaa mtaa mwingine kulitokea moto nyumba ya chini, token ya stima ilikuwa imeisha wakawasha mshumaa juu ya stuli karibu na pazia. Moshi ukapanda kwetu. Brathe alikuwa ameweka funguo kwa mfuko wa suruali na hiyo suruali ameivua hajui ameitupa wapi, giza, tunakohoa, tunapapasa. Madirisha yote yako na vyuma. Tulitoka ju jirani alivunja kufuli na jembe kutoka nje. Si eti tulikuwa werevu.

Tangu siku hiyo funguo iko kwa msumari, mkono mmoja kutoka mlangoni, juu mtoto asifikie, na mtu haruhusiwi kuitoa hapo akishaingia ndani. Kila mgeni anayelala anaonyeshwa huo msumari kabla aonyeshwe choo. Na mshumaa tuliacha, nunua taa ya kuchaji.

mlezi_wa_shosh

Naona mmesahau mama mkwe. Mimi huishi na shosh wangu (nyanya yangu) wa miaka 79 na nawaambia mtoto na mzee wanaumia mahali pamoja. Macho hayaoni vizuri, amezoea nyumba ya ushago ambayo anaijua hata gizani, umemleta kwa tailizi zinazoteleza na kizingiti cha bafu. Atataka kwenda choo saa nane usiku na hataki kuwaamsha.

Weka taa ndogo ya usiku kutoka anapolala mpaka chooni. Toa zulia dogo lile la mlangoni linalokunjika. Bafuni weka mkeka wa mpira wenye vinyonyo chini, na slipa mnunulie mpya zenye meno, zile za zamani zimelika zikawa laini kama sabuni. Wangu alivunjika nyonga kwa bafu yenye maji ya kuoga tu, hakukuwa na kitu kingine. Na dawa zake usiwache kwa kibeti, wazee wanaweka dawa kwa kibeti na mtoto anapenda kibeti cha shosh. Mweleze kwa heshima, umwambie ni kwa sababu ya mjukuu, atakubali haraka.

fundi_wa_stima_eastlands

Narudi na ya meko ju nimeona hakuna mtu ameigusa. Gesi yetu ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inalala sakafuni inatambaa kama maji. Ndio maana lile lori la gesi lilipolipuka Embakasi hapa Nairobi usiku wa tarehe 1 Februari 2024 moto ulifika mbali hivyo, hewa ya gesi ilikuwa imeshaingia kwa majirani. Kwa hivyo ukisikia harufu usiwashe swichi na usizime pia, zote zinatoa cheche, funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toeni mtoto nje. Ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwa valvu, likifura mapovu inavuja, rudisha. Usitumie kiberiti kuangalia, nawaomba. Na ile tabia ya gesi ikikaribia kuisha unalaza mtungi ama unauweka kwa maji moto ndio umalizie chapati mbili, wacheni, ukiulaza inatoka gesi ya maji maji na moto unaruka.

Kwa mtoto wako, meko haiwezi panda kwa kabati itakuwa juu sana na itayumba, isukume kona kabisa, na elfu tatu yako itumie kwa kigeti cha mbao cha mlango wa jikoni, kifike kiunoni, komeo upande wa ndani. Hiyo ndio ya kwanza kununua. Baadaye mkipata pesa hamieni kwa ile ya mezani ya kutumia paipu.

mama_gorofa_ya_nne

Wapendwa nimerudi, ni siku nne. Sina maneno ya kuwashukuru.

Nilitambaa usiku mzee akishangaa, halafu naye akapiga magoti upande wa balkoni. Nimetoa sindano ya kushonea chini ya kochi. Betri ya duara nilipata moja karibu na mguu wa stendi ya TV, iko nje tu, sijui ilitoka kwa kitu gani. Kochi lilikuwa chini ya dirisha tumelihamisha. Balkoni tulipima na rula mwanya kati ya vyuma, ni sentimita 13, kichwa chake kinaweza pita, na kulikuwa na ndoo imepinduliwa hapo ya kukalia nikianika nguo. Ndoo imetoka. Tumefunga wavu wa chuma kwa waya ndani ya vyuma kutoka chini mpaka kifuani mwangu, mabaki ya wavu nilipewa na jirani wa kuku.

Kigeti fundi wa mbao alifanya kwa 1,800 na mabawaba. Mwiko siku hizi haukai kwa sufuria nikitoka, naubeba mkononi hata kama naenda kufungua mlango.

Shawa mwenye nyumba alikuwa anasema ati ni hali ya hewa ya baridi, nikamtumia ile meseji vile fundi alisema nikaweka na neno leseni, kesho yake fundi aliyemtuma akaja. Akafungua. Waya wa kijani na manjano upo, umekatwa, umekunjwa mara mbili ukafungwa na selotepu nyeusi nyuma ya shawa. Nyumba za laini yetu ni nane, amefungua tatu na zote ziko hivyo. Jana tulienda mlango kwa mlango na mama wa gorofa ya pili kuwaambia wazime. Watu wawili walisema wao pia hutekenywa, walikuwa wanadhani ni chumvi ya maji ya boho (kisima cha kuchimbwa).

Swali moja limebaki. Fundi anasema akimaliza ethi hiyo shawa ya zamani inaweza endelea. Niikubali?

fundi_wa_stima_eastlands

Usikubali. Ethi inakulinda koili ikivuja lakini hiyo koili tayari inavuja. Waweke mpya, laini yake peke yake, na wakimaliza simama hapo umwambie abonyeze kale ka T mbele yako, stima ikate. Isipokata usimlipe na usisaini chochote.

Na wale wa hizo nyumba zingine waambie pia.

mama_gorofa_ya_nne

Sawa kaka, nitasimama hapo. Nimetuma kwa grupu ya ploti vile umeandika.

@kijana_wa_ploti msumari tumepiga. Jana usiku tulizima taa zote mzee akajaribu kutoka kitandani mpaka kufungua grili, mara ya kwanza alitumia karibu dakika mbili ju kulikuwa na baiskeli ya mtoto njiani. Tukahamisha baiskeli. Mara ya pili sekunde ishirini na moja.